Makucha ya Mtambo Wetu: Kuyachagua kwa Hesabu, Kuyatunza kwa Zamu

Nakala ya mazungumzo ya Afisa Mawasiliano wa Halmashauri katika mkutano wa wakazi wa kata, uliofanyika kwenye uwanja wa soko

  

Katika mkutano uliopita, mama mmoja muuza samaki alisimama akauliza swali fupi. Alisema: "Mtambo mmetuletea, tumeuona kwa macho yetu, tumeupigia makofi. Mbona masika yote umelala, na sisi tumebeba magogo kwa mikono?" Siku ile hakupata jibu. Ofisi iliahidi kuja na maelezo kamili, nami nimetumwa kuyaleta. Mimi si fundi. Nimekaa karakana siku tatu pamoja na fundi mkuu na dereva wa mtambo, nikauliza kila kitu nisichokielewa, na haya nitakayoyasema ndiyo niliyojifunza kwao.

Jibu fupi ni hili: mtambo ni mzima. Kilichotuangusha ni makucha yake. Tuliyachagua vibaya, kisha tukayatunza vibaya. Naomba mnivumilie niwaeleze yote mawili, kwa sababu Halmashauri inajiandaa kununua makucha mengine, na fedha zitakazotumika ni zenu.

Mtambo wenyewe

Mtambo huu mdogo wa kupakia ndio ule ambao vijana wengi huuita Bobcat, hata pale ulipotengenezwa na kampuni nyingine. Asili yake ni banda la kuku, au kwa usahihi zaidi, banda la bata mzinga. Mwaka 1957, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, mafundi wawili ndugu, Cyril na Louis Keller, walimtengenezea mfugaji mmoja mashine ndogo ya kuzoa samadi ndani ya banda lililojaa nguzo. Trekta la kawaida lisingeweza kugeuka humo. Baadaye kampuni ya Melroe ya North Dakota ikachukua ubunifu huo na kuuendeleza.

Siri yake ni kwamba magurudumu ya kushoto na ya kulia huendeshwa kila upande kwa nguvu yake. Upande mmoja ukisimama na mwingine ukienda, mtambo hugeuka papo hapo uliposimama. Ndiyo maana Halmashauri iliuchagua kwa ajili ya vichochoro vya soko letu, ambako kijiko kikubwa hakiwezi kupita bila kuvunja vibanda vya watu. Lakini udogo huo ndio pia mpaka wake. Mtambo mdogo hauwezi kubeba kila kitu, na anayeufunga kifaa cha mbele sharti ajue hilo kabla ya kufungua mkoba wa fedha.

Kwa nini makucha

Mtambo ulikuja na baketi. Baketi huzoa vizuri mchanga, tope na maganda ya matunda. Lakini taka zinazoziba mitaro yetu wakati wa masika ni za namna nyingine: makuti, matawi ya miembe, magogo, mabati yaliyong'olewa na upepo. Vitu hivyo ukivizoa kwa baketi huteleza na kuanguka, na ili visianguke inabidi mtu asimame kando avishikilie. Akina mama wa kikundi cha usafi wanalijua hilo. Wapo hapa ambao viganja vyao vimechanwa na mabati na misumari.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Baketi ni kidole kimoja. Makucha huongeza cha pili: sehemu ya chini hubeba, na ya juu hushuka kwa nguvu ya mafuta ikabana. Mzigo haudondoki, na mkono wa binadamu haukaribii. Kwa hiyo wazo la kununua makucha lilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa katika namna tulivyoyanunua.

Kosa letu la kwanza

Waraka wetu wa mahitaji ulikuwa na mstari mmoja tu: "Makucha ya kubebea taka, seti moja." Aliyetuuzia hakutudanganya. Alileta makucha, seti moja. Yalikuwa mapana, yalionekana imara, na bei yake ilikuwa ya chini. Rahisi huvunja upishi, na sisi tulivunja wetu kwa kalamu yetu wenyewe.

Siku ya kwanza ya kazi, kwenye mtaro ulio nyuma ya soko, mtambo ulibana gogo la mwembe lililonaswa na tope. Ulipolivuta na kuliinua, magurudumu ya nyuma yaliachana na ardhi. Dereva alikuwa amefunga mkanda na ana uzoefu. Aliteremsha mzigo taratibu na mtambo ukakaa sawa. Wengi wenu mlikuwapo. Watoto nao walikuwapo, wamesimama hatua chache tu mbele ya gogo, wakishangilia. Tangu siku hiyo kila ninapoikumbuka picha ile nashukuru Mungu.

Sasa tupige hesabu ambayo tulipaswa kuipiga mapema. Kila mtambo wa aina hii una kipimo cha uzito ambao ukifikiwa, mtambo huanza kupinduka kwa mbele. Kwa mitambo ya magurudumu, uzito unaoruhusiwa kazini ni nusu ya kipimo hicho. Tuchukue mfano wa mtambo unaopinduka kwa kilo 1,600: ruhusa yake ni kilo 800. Uzito wa makucha yenyewe hutolewa kwanza. Makucha yakiwa na kilo 450, kinachobaki ni kilo 350. Gogo bichi lenye urefu wa mita 2 na upana wa sentimita 50 hukaribia kilo hizo 350. Ruhusa yote imekwisha kwa gogo moja. La kwetu lilikuwa nene na refu zaidi, lilishikwa na tope, na makucha yale hushika mzigo mbali zaidi mbele kuliko baketi. Magurudumu hayakuinuka kwa mkosi. Yaliinuka kwa hesabu.

Mtambo uleule ukifungwa makucha ya kilo 270, hubaki na kilo 530 za kazi. Yaani kifaa kinachoonekana dhaifu kwa macho kingetupa uwezo mkubwa zaidi.

Maswali ya kuuliza kabla ya kununua

Kutokana na funzo hilo, fundi mkuu ameandika maswali matano yatakayoambatana na ununuzi ujao. Nayasoma kwenu ili yawe mali ya kata, si ya ofisi peke yake.

Swali la kwanza: makucha yana uzito gani, na mtambo utabaki na uwezo wa kilo ngapi? Jibu liandikwe kwa tarakimu, lisiwe "yanatosha."

Swali la pili: yana upana gani? Yasipungue upana wa magurudumu, ili mtambo usikanyage taka ambazo haujazizoa. Wala yasizidi sana, ili yasichomoze kando na kugonga vibanda. Makucha yetu ya kwanza yalizidi upana wa mtambo kila upande, na kwa sababu hiyo hayakuweza kuingia katika vichochoro viwili vya soko vilivyo vyembamba kuliko vyote.

Swali la tatu: chini yake pakoje? Yapo makucha yenye sakafu iliyozibwa kama baketi, na yapo yenye meno yaliyoachana kama ya reki. Yaliyozibwa hufaa taka ndogondogo na zenye majimaji. Yenye meno huacha udongo na mchanga udondoke, yakabaki na matawi na mizizi. Sisi baketi tunayo tayari kwa taka ndogo. Pengo letu ni matawi, makuti na mabati. Kwa hiyo tunahitaji yenye meno, ili tusisafirishe udongo wa shamba kwenda dampo kwa gharama ya dizeli. Na mikono ya juu iwe miwili, kila mmoja na jeki yake, ili mmoja ukifika kwenye shina nene, mwingine uendelee kushuka hadi kwenye upande mwembamba. Mkono mmoja mpana hubana palipo panene tu, na upande wa pili huning'inia.

Swali la nne: yanaungana vipi na mtambo? Bamba la kufungia liwe la kiwango cha kimataifa cha ISO 24410, ambacho mitambo mingi ya aina hii hukifuata. Mafuta yanayohitajika yalingane na yale ambayo mtambo hutoa. Mitambo mingi hutoa kati ya lita 60 na 90 kwa dakika kwa ajili ya kifaa cha mbele, na kiasi hicho kinayatosha makucha ya kawaida. Asije mtu akatuuzia mtambo wenye pampu kubwa zaidi kwa kisingizio cha makucha.

Swali la tano: mpira wa mafuta ukipasuka, au pini ikilika, kipuri kinapatikana nchini, na kwa siku ngapi? Mipira na jeki zimewekewa kinga ya chuma, au zimeachwa wazi zichomwe na matawi?

Ununuzi wa umma sasa unafanyika chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, kupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST. Mfumo huo unatupa uwazi. Lakini mfumo hulinganisha kile tulichokiomba. Tukiomba kwa mstari mmoja, tutaletewa kinachotosha mstari mmoja.

Kosa letu la pili

Baada ya kisa cha gogo, dereva aliendelea kuyatumia makucha yale kwa mizigo midogo tu. Yalifanya kazi wiki tatu. Kisha mpira mmoja wa mafuta, uliokuwa ukisugua ukingo wa chuma kila mikono ilipofunguka, ukapasuka. Nyuzi za kiunganishi chake hazikulingana na zozote zilizopo stoo yetu. Tulipokuwa tukitafuta, mvua zikaongezeka. Hilo ndilo jibu la swali la mama yetu: mtambo ulilala masika yote kwa sababu ya mpira mmoja ambao mtu yeyote angeuona unachubuka, kama angetazama.

Hakuna aliyetazama kwa sababu hakuna aliyepangiwa kutazama. Sasa utaratibu umeandikwa na kubandikwa ukutani karakana. Sehemu kubwa huchukua kama dakika kumi kila asubuhi.

Kwanza, grisi. Kila pini ambayo mkono wa makucha huzungukia ina nipeli yake. Ifutwe kwanza, kwa sababu nipeli yenye mchanga huingiza mchanga ndani pamoja na grisi. Kisha ipigwe grisi hadi ile ya zamani ianze kutokeza. Kazi hii hurudiwa kila baada ya saa nane hadi kumi za kazi, yaani kila siku. Pini isiyo na grisi hula bushi, bushi ikiisha pini hucheza, na pini inayocheza hupanua tundu la chuma chenyewe. Hapo hununui tena kopo la grisi. Unalipia uchomeleaji na uchongaji.

Pili, mipira na jeki. Dereva atazame palipochubuka, palipovimba, palipolowa mafuta. Fimbo ya jeki iwe safi na isiyo na mikwaruzo, maana mkwaruzo mmoja hukata sili, na sili ikikatika mafuta huvuja kila fimbo inapotoka na kuingia.

Hapa nawaomba vijana mnaopenda kusaidia mnisikilize vizuri. Mafuta ndani ya mipira hii yana mgandamizo unaozidi ule wa upepo wa tairi la gari dogo kwa zaidi ya mara 80. Tundu dogo lisiloonekana hutoa uzi wa mafuta unaopenya ngozi. Kamwe usitafute uvujaji kwa kidole. Tumia kipande cha boksi. Na mtu akichomwa, hata kama kidonda kinafanana na tundu la sindano na hakiumi sana, apelekwe hospitali saa ileile. Ndani ya mwili mafuta hayo huharibu nyama, na kuchelewa kunaweza kumgharimu mkono.

Tatu, kufunga kifaa. Wenzo za kufungia zikishashuka, dereva huyakandamiza makucha chini kidogo na kutazama kama bamba linaachana. Viunganishi vya mafuta hufutwa kwa kitambaa safi kabla ya kuunganishwa, kwa kuwa mchanga kidogo tu huingia hadi kwenye pampu.

Nne, meno na mishono. Mara moja kwa wiki yaoshwe, kwa kuwa ufa haujitokezi chini ya tope. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini asiuzibe mtu yeyote tu mwenye mashine ya kuchomelea. Betri ya mtambo itenganishwe kwanza au makucha yafunguliwe kabisa, na jeki yenyewe isichomelewe kamwe ikiwa na mafuta ndani.

Tano, kulaza. Jioni makucha yawekwe chini, juu ya mbao, yakiwa yamefungwa. Fimbo za jeki zirudi ndani ili zisishambuliwe na kutu. Upepo wetu wa bahari una chumvi. Yakae chini ya paa, si chini ya mwembe.

Yote haya huandikwa katika daftari la mtambo: tarehe, saa za kazi, nani amepiga grisi, nini kimeonekana. Dereva husaini, msimamizi husaini. Pasipo na saini, mtambo hautoki.

Sehemu yetu sote

Ndugu zangu, lipo linalowahusu wakazi moja kwa moja. Mtambo ukiwa kazini, umbali wa kusimama ni mita 10 au zaidi, na dereva ameagizwa kuuzima pindi mtu akivuka kamba. Ataonekana mkali. Naomba mumsamehe na mumtii. Kutokea kitini mwake haoni vizuri nyuma wala pembeni. Wazazi, watoto wasifuate mtambo. Wenyeviti wa vitongoji mtapewa taarifa ya siku na mahali, ili mtangaze mapema.

La pili, tutenganishe. Matawi na makuti yawekwe fungu lake, nyaya na mabati fungu lake. Waya ukijisokota kwenye pini hukata sili, na wanaofanya kazi ya kuutoa ni walewale akina mama wa kikundi cha usafi. Na kifusi cha ujenzi kisimwagwe mtaroni. Hicho si cha makucha wala cha mikono. Ni kosa kwa mujibu wa sheria ndogo.

La tatu, mtuulize. Mahitaji mapya, yenye majibu ya maswali yale matano, yatapelekwa kwenye Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango. Siwezi kuwaahidi uamuzi wa Kamati kabla haijaketi. Ninachoweza kuahidi ni kwamba nakala ya mahitaji hayo itabandikwa ofisi ya kata, na muhtasari wa daftari la mtambo utabandikwa hapo kila mwisho wa mwezi: siku ulizofanya kazi, siku ulizolala, na sababu. Makucha ya zamani yapo karakana na yameorodheshwa. Hayatatoka kimya, hatima yake itafuata taratibu za mali ya umma, nanyi mtaarifiwa.

Mama yetu muuza samaki, naona umekaa mstari wa mbele. Nimekuja na jibu lako, ingawa limechelewa. Tulikosea kuandika, kisha tukakosea kutazama. Gharama yake mliibeba ninyi kwa mikono. Mvua za vuli haziko mbali. Mkiona mtambo umelala siku mbili mfululizo na ubao wa ofisi ya kata hausemi kwa nini, msingoje mkutano mwingine. Njooni ofisini muulize, na yeyote mtakayemkuta anapaswa kuwa na jibu.

Kitunze kidumu.